Kati ya Kompyuta na Redio: Kisanduku cha Kujitengenezea Kina Kazi Gani Hasa?

Ukifungulia redio ya masafa mafupi kwenye megaherzi 14.074 mchana, hutasikia mtu akiongea. Utasikia filimbi nyembamba, nyingi, zikilia kwa pamoja kwa sekunde kama 13, zikanyamaza kidogo, zikaanza tena. Kila filimbi ni mtu aliyekaa kwake mahali fulani duniani, na kompyuta yake ndiyo inayopuliza. Mfumo huo ni FT8. Ulitolewa mwaka 2017 na Wamarekani wawili, Joe Taylor na Steve Franke, na haukuchukua muda kuwavuta wanaredio wa ridhaa wengi kutoka kwenye maongezi ya mdomo na Morse. Taylor ndiye yule mwanafizikia aliyetunukiwa Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse. Kazi yake ilikuwa kuchambua mawimbi hafifu ya nyota ziitwazo pulsa, na ujuzi huo wa kuchota ujumbe ndani ya kelele ndio alioutia katika programu ambayo leo mtu yeyote anaipakua bure.

Kwa mtu wa Morogoro au Bungoma faida yake iko wazi. Ujumbe mmoja wa FT8 una biti 77 tu, unachukua upana wa herzi 50, na husomeka hata ukiwa desibeli 20 hivi chini ya kelele. Wati 5 na waya uliotundikwa mwembeni zinaweza kufika Ulaya siku anga likikubali. Tena alama za wito za kwetu, 5H ya Tanzania, 5Z ya Kenya, 5X ya Uganda, 9Q ya Kongo, ni adimu hewani, kwa hiyo anayeita mara moja huitikiwa na kundi. Kinachobaki ni kuifikisha sauti ya kompyuta kwenye redio na kuirudisha. Kisanduku kinachokaa katikati ndicho ninachotaka kukichambua: kinafanya kazi gani hasa, na mtu ajitengenezee au anunue?

Zamani swali hili halikuwa na jibu la bei nafuu. Waliotaka kutuma maandishi kwa redio walitumia mashine nzito za teleprinta, na miaka ya 1980 wakapata modemu za pakiti. Kundi la TAPR la Tucson, Arizona, ndilo lililozieneza likiziuza kama vifaa vya kuunganisha mwenyewe. Modemu ile ilikuwa kompyuta ndogo kamili: ilikuwa na prosesa yake, kumbukumbu yake na chipu za kugeuza biti kuwa milio. Mwaka 1998 Mwingereza Peter Martinez alitoa PSK31, mfumo wa mwendo wa biti 31.25 kwa sekunde, ambao ni kasi ya mtu anayechapa kwa vidole. Kilichokuwa kipya ni kwamba kadi ya sauti ya kompyuta ya kawaida ilitosha kuuendesha. Tangu hapo modemu imehamia ndani ya programu, na kisanduku cha katikati kimebaki na transfoma, resista chache na swichi moja. Ndiyo maana leo kinaweza kujengwa mezani na mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Kazi zake ni tatu: kupunguza au kuongeza kiwango cha sauti, kuiambia redio lini irushe, na kutenganisha umeme wa kompyuta na umeme wa redio. Michoro mingi inayozunguka huzipa kazi hizi uzito sawa. Mimi sikubaliani nayo. Mbili za kwanza ukikosea utajua papo hapo, maana hakuna kitakachosikika au redio haitarusha. Ya tatu ukikosea kila kitu kitafanya kazi vizuri kwa miezi, mpaka siku moja.

Tuanze na kiwango, kwa kuwa ni hesabu ya darasani. Tundu la hedifoni la kompyuta hutoa karibu volti 1. Maikrofoni ya redio hutoa milivolti chache hadi makumi machache, na redio imejengwa kwa kipimo hicho. Ukiiingizia volti nzima utapata mngurumo badala ya filimbi. Dawa ni resista mbili: ya omu 10,000 mfululizo kutoka kompyuta, na ya omu 100 kutoka hapo hadi kwenye ethi ya upande wa redio. Kinachopita ni asilimia 1 hivi ya kilichoingia. Anayetaka uhuru zaidi huweka potenshometa, ile ya kuzungusha kama ya sauti, mahali pa resista ya pili.

Redio nyingi za miaka 30 iliyopita zina njia bora kuliko maiki: tundu la data nyuma, la DIN ndogo yenye pini 6. Mfano unaojulikana ni Yaesu FT-817. Tundu hilo hupokea sauti kwenye pini 1, hutoa sauti kwenye pini 5, husubiri amri ya kurusha kwenye pini 3, na ethi yake ni pini 2. Sauti inayotoka hapo haibadiliki ukizungusha kitufe cha sauti, jambo ambalo ni baraka, kwa sababu utaweza kuzima spika usiku watoto walale na kompyuta ikaendelea kusoma.

Plagi yake ina umbo lile lile la plagi ya kibodi za zamani, zile za rangi ya zambarau. Fundi mwenye rundo la kibodi mbovu atafurahi, lakini asikate waya haraka. Kibodi inatumia pini 1, 3, 4 na 5 tu, na nyaya zake nyingi hazina kabisa uzi wa pini 2. Pini 2 ndiyo ethi unayoihitaji. Chukua multimita, weka kwenye mlio, gusa pini na ncha ya kila uzi mmoja mmoja kabla ya kulehemu chochote. Waya wa kurefushia kibodi kwa kawaida huwa na nyuzi zote 6, na huo ndio wa kutafuta.

Sasa kazi ya kurusha. Redio hurusha pale uzi wa PTT, yaani wa kitufe cha kubonyeza ndipo uongee, unapoguswa na ethi. Wapo wanaokwepa kazi hii kwa kutumia VOX, ambapo redio inarusha yenyewe ikisikia sauti. Inafanya kazi, ila redio haichagui sauti. Mlio wa ujumbe wa WhatsApp kwenye kompyuta nao utaamsha redio na kwenda hewani. Kwa hiyo VOX ni ya kuanzia, si ya kubaki nayo.

Njia ya kawaida ni kutumia uzi wa RTS, yaani wa kuomba kutuma, wa bandari ya mfululizo (serial), au wa adapta ya USB inayoigiza bandari hiyo, kuwasha swichi ndogo. Swichi nzuri kuliko zote kwa kazi hii haihitaji hata kununuliwa. Fungua pawasapulai mbovu ya kompyuta, au chaja kubwa iliyokufa, baada ya kuichomoa na kuiacha muda mrefu, kwa kuwa kapasita zake kubwa hubaki na umeme hatari, zipime kwanza. Karibu na transfoma utaona kidude cheusi chenye miguu 4, kimeandikwa PC817 au namba inayofanana, kimekaa juu ya mpaka kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa umeme mdogo. Ndani yake kuna taa ndogo sana na transista inayoona mwanga. Taa ikiwaka, transista inafunguka, na hakuna shaba yoyote inayounganisha pande hizo mbili. Kiwandani kiliwekwa pale kulinda maisha ya mtu, na kwako kitalinda kompyuta.

Nukta juu yake inaonyesha mguu wa 1. RTS inapita kwenye resista ya omu 1,000 na kuingia mguu wa 1, na ethi ya kompyuta inaingia mguu wa 2. Kati ya miguu hiyo weka daiodi ya 1N4148 ikiangalia kinyume, kwa sababu bandari halisi ya mfululizo ikiwa imezimwa hutoa volti hasi hadi 12, na taa ile ndani ya PC817 haistahimili zaidi ya 6 za kinyume. Upande wa pili, mguu wa 4 unakwenda PTT na wa 3 ethi ya redio. Kama adapta yako ni ile ya bei ndogo inayotoa volti 5 au 3.3 badala ya 12, mantiki yake imegeuka: RTS iko juu wakati wa kupumzika na hushuka wakati wa kurusha. Hapo mguu wa 1 unatoka volti chanya ya adapta kupitia resista, na wa 2 unakwenda RTS. Watu wengi hukwama hapa wakidhani chipu imekufa.

Tahadhari moja inayosahaulika: kompyuta inapowaka, hujaribu bandari zake, na RTS inaweza kupanda na kushuka bila wewe kuomba. Redio itarusha. Washa redio mwisho, zima kwanza.

Kuhusu kutenganisha wapo mafundi wazuri wanaosema ni anasa. Wameunganisha waya moja kwa moja, resista mbili na transista moja, na wametumia miaka bila tatizo. Siwapingi kwamba inawezekana. Laptopu inayotumia betri yake yenyewe, isiyogusa kitu kingine chochote, tayari imetengwa, na hapo waya wa moja kwa moja hauna dhambi. Ila chomeka chaja na hali inabadilika. Ethi ya kompyuta na ethi ya redio sasa zimekutana mahali pawili, ukutani na kwenye waya wako wa sauti, na mkondo mdogo unaanza kuzunguka. Utausikia kama mvumo mzito wa herzi 50 na zaidi chini ya kila kitu.

Mvumo ni kero tu. Hatari yenyewe iko kwenye nyumba za sola, na za kwetu ni nyingi. Betri moja ya volti 12 inalisha redio, na hiyo hiyo inachaji laptopu kupitia adapta ya gari. Redio ya wati 100 ikirusha hula karibu ampea 20. Chukulia kiunganishi cha waya hasi wa redio kimelegea au kimeota kutu, kama vinavyoota pwani. Ampea zile hazitasema njia imefungwa basi tusimame. Zitatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye hasi ya betri, na njia iliyopo ni ngao ya waya wa sauti, mpaka ndani ya laptopu, kisha kwenye adapta. Waya wa sauti haukujengwa kubeba ampea 20, wala njia za shaba kwenye bodi ya kompyuta. Hapo ndipo mtu anapoteza laptopu ya kazi kwa kuokoa transfoma mbili.

Transfoma ya sauti ya omu 600 kwa 600 hukata njia hiyo. Sauti inavuka kwa sumaku na waya za pande mbili hazigusani, kama watu wawili wanaopeana kikombe cha chai dirishani huku mlango umefungwa. Inahitajika moja ya kwenda na moja ya kurudi. Asiyetaka kuagiza atazipata ndani ya kadi za modemu za simu, zile za enzi za intaneti ya kupiga namba, ambazo kwa mafundi wa kompyuta ni takataka. Pima: kila koili itaonyesha omu kadhaa hadi mia na zaidi, na kati ya koili na koili multimita isionyeshe kitu. Upande wa kurudi, tundu la maiki la kompyuta hutoa volti kidogo za kulisha maikrofoni, nazo hazipaswi kupita kwenye transfoma. Weka kapasita ya mikrofaradi 10 mfululizo, chanya yake ikielekea kompyuta.

Kuna njia mbili ambazo wajenzi hutumia kuharibu kazi hii nzuri bila kujua, na nadhani ndizo sababu ya baadhi yao kusema transfoma hazisaidii. Ya kwanza ni kasha la chuma. Tundu la plagi ya sauti likifungwa kwa nati kwenye kasha, ethi yake inagusa chuma. Tundu la upande wa redio nalo linagusa chuma hicho hicho. Ethi zimekutana, na transfoma zimebaki mapambo. Tumia kasha la plastiki, au tenga matundu ya upande mmoja kwa washa za plastiki. Ya pili ni waya wa kuongozea redio, ule wa kubadili masafa kutoka kwenye programu. Mtu anajenga kisanduku cha sauti kilichotengwa vizuri, kisha anachomeka waya huo wa shaba tupu pembeni yake, na hasi za pande zote zinaungana tena. Hata baadhi ya vifaa vya kununua vina kasoro hii, kwa hiyo soma mchoro wake kabla ya kuamini neno lililochapwa kwenye boksi.

Mawimbi ya redio yenyewe nayo hurudi ndani kupitia nyaya. Dalili yake ni kwamba ukirusha kwa nguvu ndogo mambo ni shwari, ukiongeza, USB inakatika au kipanya kinakimbia chenyewe. Ferait zilizobanwa kwenye waya wa USB na wa sauti husaidia, lakini mara nyingi ugonjwa uko kwenye antena isiyo na ulingano, hasa ile ya kulishwa mwishoni. Tibu antena kwanza.

Kuhusu kompyuta yenyewe sina mengi. Laptopu za siku hizi zina tundu moja la sauti linalochanganya kila kitu, nalo linasumbua. Kadi ya sauti ya USB ya bei ndogo kabisa inatosha, maana tunachotaka ni sauti ya kati ya herzi 200 na 3,000, si muziki. Tena kuwa na kadi ya pili kunamaliza tatizo la WhatsApp: mfumo wa kompyuta unabaki na spika zake, redio inabaki na kadi yake. Saa ya kompyuta iwe sahihi ndani ya sekunde moja, la sivyo FT8 haitasoma kitu, na mtu atalaumu kisanduku.

Kujenga kukiisha, ndipo kazi inayowashinda wengi inapoanza, nayo ni ya kuzungusha vitufe kwa kiasi. Kuna imani kwamba sauti kubwa zaidi ni kufika mbali zaidi. Kwa redio ya sauti ya upande mmoja (SSB) si hivyo. Tazama mita ya ALC, inayoonyesha redio ikijizuia sauti isizidi, unaporusha: ikipanda, punguza sauti hadi mshale urudi sifuri au uguse kidogo tu, kama kitabu cha redio yako kinavyoelekeza. Ukizidisha, filimbi ya herzi 500 inazaa vivuli kwenye 1,000, 1,500 na 2,000, vyote ndani ya nafasi ya wenzako. Ndiyo maana WSJT-X, ile programu ya Taylor, ina mpangilio wa kuhamisha masafa ya redio ili filimbi ibaki kati ya herzi 1,500 na 2,000; vivuli vyake vinaangukia juu ya 3,000, ambako chujio la redio linavizuia. Upande wa kupokea, mita ya programu isome karibu desibeli 30 pakiwa na kelele tupu. Halafu punguza nguvu. Anayeongea hupumua kati ya maneno, FT8 haipumui kwa sekunde 12.64, na redio ya wati 100 itashukuru ukiipa kazi ya 40.

Wenye alama adimu kama 5H na 5Z wana sababu ya ziada ya kulizingatia hili. Kituo cha kawaida kikirusha uchafu, wachache watalalamika. Kituo kinachotafutwa na maelfu kikirusha uchafu, wote wanaokisubiri wamekaa pale pale unapotapakaa.

Redio ndogo za mkononi za Kichina, za plagi pacha ya Kenwood, zina hadithi fupi zaidi. Pakiti za biti 1,200 kwa sekunde hutumia milio miwili, herzi 1,200 na 2,200, na kituo cha anga cha kimataifa huzirudia kwenye megaherzi 145.825 mtambo wake ukiwa hewani. Simu janja, waya na VOX vinatosha kwa majaribio, na betri mbili zilizotengana zinafanya suala la ethi kuwa dogo. Ni shule nzuri kwa klabu ya wanafunzi.

Kununua? Visanduku vya kiwandani kama SignaLink vipo miaka mingi, na vidogo zaidi kama Digirig vimekuja karibuni. Ni vizuri. Lakini ongeza usafirishaji na ushuru mpaka Dar es Salaam au Nairobi, linganisha na resista na matundu ya plagi kutoka Kariakoo au Luthuli Avenue, na transfoma zilizotoka kwenye takataka, utaona pengo. Sababu nyingine ya kujenga ni ya baadaye: kikiharibika, aliyekijenga anajua pa kupima. Upande wa pili, redio mpya zimeanza kuua swali lenyewe. Icom IC-7300, iliyotoka mwaka 2016, ina kadi ya sauti ndani yake. Anayeijengea kisanduku anajitafutia kazi.

Kisanduku hakikupi ruhusa ya kurusha. Leseni ni ya TCRA kwa Tanzania na ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, na kanuni za kimataifa za redio, ibara ya 25, haziruhusu vituo vya ridhaa vya nchi tofauti kuwasiliana kwa msimbo wa kuficha maana. FT8 inaruhusiwa kwa sababu namna yake ya kusimba imechapishwa, na kila mtu anaweza kuisoma.

Ushauri wangu kwa anayeanza: jenga nusu ya kupokea kwanza, transfoma moja na kapasita moja, uone majina ya vituo yakijipanga kwenye skrini. Ukiridhika, ongeza nusu ya kurusha, na uijaribu kwenye mzigo bandia wa omu 50 kabla ya kugusa antena. Kama redio yako tayari ina tundu la USB la sauti, weka chuma cha kulehemu pembeni na ununue waya wa printa.